Leseni Moja ya Lukwambe

Sogeeni. Mwenye simu aizime, maana hadithi yangu haipendi kushindana na milio. Kusimulia nitasimulia mimi, lakini kuamua mtaamua ninyi. Nawaonya mapema: mwezi uliopita niliwasimulia shemeji zangu wawili, na mpaka leo wanasalimiana kwa kichwa tu. Aliye tayari kubishana aseme yuko tayari. Haya, tumekubaliana.

Palikuwa na mji wa mlimani uitwao Lukwambe, mji wa baridi, wa viazi vingi na watu wenye maneno mengi kuliko viazi. Katikati ya mji ule palikuwa na nyumba ndogo ya kijani, na mlangoni bango: USHAURI NA SAIKOLOJIA, KARIBU. Mwanzoni watu waliingia kwa mlango wa nyuma, wamejifunika kanga na makoti. Baadaye wakazoea, wakawa wanaingia kwa mbele na kuulizana nani aliwahi foleni.

Sasa, nchi ile ilikuwa na sheria. Ilisema kwamba anayetaka kutibu mawazo ya watu lazima apite milango mitatu. Mlango wa kwanza ni shahada ya chuo kikuu. Wa pili ni saa elfu mbili za kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, kila saa imetiwa saini daftarini. Wa tatu ni mtihani wa taifa: saa nne, chumba kimoja, kalamu moja. Aliyepita mitatu yote hupewa leseni na Baraza la Wasaikolojia. Aliyekwama hata kwenye mmoja hufanya kazi chini ya mwenye leseni, na kama hakuna mwenye leseni, akalime viazi.

Mimi naikubali sheria hiyo, msinione hivi. Nina jirani asiye na leseni ya kitu chochote, aliyemshauri mtu mwenye huzuni aoe mke wa pili. Yule mtu sasa ana huzuni mbili.

Mwenye leseni pale Lukwambe alikuwa mmoja tu, Daktari Ng'itu, mzee mpole wa utaratibu. Chini yake walifanya kazi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wasikilizeni vizuri, maana hao ndio watakaowagombanisha.

Wa kwanza aliitwa Sikitu Mbwilo, binti wa miaka ishirini na minane, miwani minene, maneno machache. Kipaji chake kilikuwa jicho. Angekutazama unavyofunga kamba za viatu, akajua hujalala siku tatu. Shahada alikuwa nayo, na mtihani aliupita akawa wa kwanza nchi nzima. Lakini saa hakuwa nazo za kutosha, na kosa halikuwa lake. Daktari Ng'itu aliitundika leseni yake juu kabisa ukutani, kwa heshima, juu mno hata tarehe ikawa haisomeki. Ikapitwa na muda, naye akafanya kazi miezi saba bila kujua. Baraza lilipogundua lilimkaripia, akaihuisha, yakaisha. Ila saa zote alizotia saini katika miezi ile zilifutwa, na Sikitu akapoteza saa mia sita kwa barua moja. Alilia, akacheka, kisha akalia tena.

Wa pili aliitwa Anakleti Komba, mwanamume wa miaka hamsini na minane, zamani muuguzi. Kipaji chake kilikuwa sikio. Ukikaa mbele yake unajikuta umesema jambo ambalo hata mkeo halijui. Saa alikuwa nazo nyingi mpaka daftari zake zilijaza kabati, na mtihani aliufanya zamani akaupita. Shahada ndiyo hakuwa nayo. Alisoma stashahada enzi ambazo stashahada ilitosha, kisha serikali ikatangaza sheria mpya na kuwapa watu wa zamani siku ya mwisho ya kupeleka fomu. Siku hiyo Anakleti alitoka nyumbani asubuhi na fomu zake mkononi. Njiani akamkuta mtu amekaa ukingoni mwa barabara analia. Akakaa naye. Walipoinuka, yule mtu alikuwa ametulia na ofisi ilikuwa imefungwa.

Wa tatu aliitwa Mwanaheri Shemboza, mama wa miaka arobaini na miwili, mcheshi, sauti ya kujaa nyumba. Kipaji chake kilikuwa hatua. Jambo kubwa linalokutisha, yeye hulikatakata vipande vidogo, akakupitisha kimoja kimoja huku anakuchekesha. Shahada alikuwa nayo, na saa elfu mbili zilitimia kabla hata Sikitu hajafika. Kilichomshinda ni mtihani, tena mara nne. Si kwamba hajui. Huyo Sikitu aliyekuwa wa kwanza nchi nzima, aliyemfundisha ni Mwanaheri! Lakini msimamizi wa mtihani akishasema "funueni karatasi," mikono yake hulowa, na kila alichosoma huaga. Mara ya tatu aliandika jina la msimamizi mahali pa jina lake mwenyewe. Naam, tabibu wa hofu anaogopa mtihani. Chekeni, lakini hata daktari wa meno huumwa jino.

Basi ikafika zamu ya Daktari Ng'itu kustaafu. Leseni yake ingekoma tarehe thelathini saa sita mchana, na safari hii alikumbuka tarehe. Baraza likamtuma ofisa wake, Bibi Hellena Mtweve, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Akakaribishwa chai, akainywa yote, ndipo akasema.

"Kwa sheria, mlango huu unafungwa. Lakini kipo kitu kinaitwa Leseni ya Msamaha. Wilaya yenye shida hupewa moja, apewe mtu aliyekosa mlango mmoja tu."

"Sisi kila mmoja amekosa mmoja tu," Sikitu akasema haraka.

"Najua. Nimesoma mafaili yenu mpaka macho yameuma." Bibi Mtweve akatoa karatasi yenye muhuri, akaiweka mezani. "Tazameni wenyewe. Mstari wa jina ni mmoja. Atakayeandikwa ndiye atakayewasimamia wenzake, na nyumba hii itaendelea. Nitarudi mwisho wa mwezi. Mnionyeshe mtu mmoja aliyeingia hapa ameshindwa, akatoka ameweza. Aliyemponya nitaandika jina lake."

"Na kama tumemponya watatu?" Anakleti akauliza.

"Mzee Komba," yule mama akasema, "usiniharibie chai."

Akaondoka na karatasi yake. Wale watatu wakabaki wanatazama mahali karatasi ilipokuwa. Walikuwa wakipendana sana, lakini nitakuwa mwongo nikisema hakuna aliyeitaka ile leseni. Kila mmoja aliitaka mpaka usingizi ukapungua.

Siku ya pili yake, mlangoni akaingia msichana anayemvuta baba yake kwa mkono wa koti. Msichana aliitwa Shamimu. Baba aliitwa Mahimbo Rajabu, na pale Lukwambe hakuna asiyemjua. Alikuwa mshereheshaji wa harusi kwa miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti na kusema "mama mkwe, simama tukuone," na mama mkwe mwenye magoti mabovu akasimama na kucheza. Sasa alikuwa na miezi mitano hajasherehesha hata kipaimara. Akishika kipaza sauti, sauti inakatika kabisa, unasikia pumzi tu.

"Shikamooni," Shamimu akasema. "Naolewa tarehe ishirini na tisa. Baba aliniahidi tangu nikiwa darasa la kwanza kwamba harusi yangu ataisherehesha mwenyewe. Asiposema yeye, mimi siolewi."

"Mwanangu, usiseme hivyo," Mahimbo akanong'ona.

"Nimesema. Mchumba wangu nimeshamwambia, na ameanza kukonda."

Mahimbo alikuwa ameshapita hospitali tatu. Walimchungulia koo kwa taa na kwa kamera. Majirani nao walimnywesha tangawizi, asali na vitunguu saumu, hadi akawa ananukia jikoni kila anapopita. Hakuna kilichosaidia. Daktari wa mwisho alikuwa ameanza kuzungumzia kisu.

Sikilizeni sasa alichofanya Sikitu. Hakumuuliza habari za koo hata kidogo. Alimwomba waende sokoni kununua viazi, wakaenda, yeye akabaki nyuma hatua tatu anatazama. Mahimbo alibishana na muuza viazi kwa sauti ya kutosha. Akamfukuza mbuzi aliyeingia kwenye kabichi, na mbuzi akasikia. Kisha wakapita kwenye duka la redio, na mwenye duka alikuwa anajaribu spika zake, "moja mbili, moja mbili." Mabega ya Mahimbo yakapanda mpaka masikioni, na mkono wake ukaenda mbio kwenye mfuko wa shati. Sikitu akamrudisha njia ile ile siku ya pili na ya tatu. Mabega yalipanda vile vile, na mkono ukaenda pale pale.

"Mfukoni mwa shati huwa unaweka nini, baba?" akamuuliza.

"Kadi. Karatasi ya majina na ratiba ya shughuli."

"Koo lako ni zima, baba. Ingekuwa koo, lingekuangusha mbele ya mbuzi. Kuna siku ulitoa kadi hapo mfukoni, jambo likatokea, na hujalisema. Una hofu, na chini ya hofu naona kama kuna msiba."

Mahimbo akakataa. Akasema hakuna jambo, hakuna msiba, na asanteni kwa viazi. Lakini kwa daktari wa kisu hakurudi tena, na hilo ni kwa sababu ya Sikitu. Jicho lake lilikuwa limeona ugonjwa ambao kamera za hospitali tatu hazikuuona. Kumfungua mdomo mgonjwa ndiko kulikomshinda.

Sikilizeni sasa alichofanya Anakleti. Alimkalisha Mahimbo kwenye kiti chenye mto, naye akakaa mbele yake. Akasema, "Nipo," kisha akanyamaza. Saa nzima. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Sasa ninyi mnawajua washereheshaji. Kazi yao yote ni kuziba ukimya: keki imechelewa, wao wanaongea, umeme umekatika, wao wanaongea. Mshereheshaji kukaa kimya saa nzima ni adhabu. Mahimbo alitazama dari, akahesabu vioo vya dirisha, akakohoa, akatikisa mguu. Anakleti alimtazama tu kwa upole, hana haraka, kana kwamba wamekuja pale kuota jua.

Siku ya tisa Mahimbo akapasuka.

"Sawa! Sawa, mzee mwenzangu, nitasema!"

Akasema. Miezi mitano nyuma, kwenye mji wa mbali, alikuwa na shughuli mbili siku moja. Asubuhi aliongoza arobaini ya mzee aliyemfundisha kazi, Mzee Selemani Kidawa, ambaye alimwokota akiwa kijana mwenye kigugumizi na kumpa kipaza sauti cha kwanza maishani. Alasiri alikuwa na harusi. Hakulia kule msibani, kwa sababu mshereheshaji mwenye macho mekundu harembeshi harusi. Akakimbia, akabadili koti na kuingia ukumbini, akatia mkono mfukoni na kutoa kadi. Ilikuwa kadi ya asubuhi.

"Nikasema, 'Mabibi na mabwana, tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu,'" Mahimbo akasimulia. "Nao wakasimama! Ukumbi mzima! Bwana harusi akavua kofia, bibi harusi akaanza kulia, anauliza nani amekufa."

Anakleti, na leo nawaambia siri yake, aliuma midomo kwa ndani asicheke.

"Nikaona kosa langu. Nikataka kusema samahani, sauti ikagoma. Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo."

Anakleti akauliza, "Mzee Kidawa ulimlilia lini?"

Mahimbo akafungua mdomo ajibu, badala ya jibu kikatoka kilio. Alilia kilio cha miezi mitano, Anakleti akamwekea mkono begani. Alipotoka pale alitembea kwa wepesi, akala chakula cha watu wawili. Shamimu akampa kipaza sauti kwa furaha. Sauti ikakatika vile vile.

Sikio lilikuwa limefungua kilichofungwa, lakini mwili ulikuwa bado unakumbuka. Na siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

Sikilizeni sasa alichofanya Mwanaheri. Alimpeleka Mahimbo jikoni, akampa mwiko.

"Nitangazie huu ugali," akasema.

"Mama Shemboza, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo, na ugali unasubiri."

Mahimbo akautangaza ugali, kwa aibu kwanza, kisha akayakaribisha maharage kama baba mkwe. Walicheka hadi maji yakamwagika. Kesho yake akautangaza amesimama juu ya kiti. Siku iliyofuata akapewa kipaza sauti kibovu, kisicho na waya. Kisha kizima, lakini hakijawashwa. Kisha kimewashwa, ukumbi mtupu, Mwanaheri peke yake kwenye kiti cha mwisho kabisa. Hapo sauti ikagoma, wakarudi nyuma hatua moja, kwenye kile kisichowashwa, hakuna kugombezana. Kisha wakaletwa watu kumi wamegeuzwa migongo. Kisha watu kumi wanatazama.

"Na nikianza kutetemeka siku yenyewe?" Mahimbo akauliza.

"Tetemeka. Nani amekwambia usitetemeke? Mimi kwenye mtihani mikono hunilowa mpaka karatasi inachanika, najua unachosema. Hofu haikatazi mtu kusema. Wewe tetemeka, na huku unaendelea."

"Sasa wewe mbona mtihani umekushinda?"

Mwanaheri akacheka kwa nguvu, kisha akasema polepole, "Kwa sababu mle ndani, mimi sina wa kukaa kiti cha mwisho." Lilimtoka jambo la kweli, na lilimuuma.

Ikafika tarehe ishirini na tisa. Bibi Mtweve aliwahi siku moja, akakuta nyumba ya wageni imefungwa, duka limefungwa, mji mzima uko harusini. Akaenda na yeye, na mkoba wake, akapewa sahani ya pilau na kiti karibu na spika.

Mahimbo akapanda jukwaani. Watu mia tatu wakamgeukia. Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi, mkono unatikisika hata waliokaa nyuma wakaona. Shamimu alishika gauni lake kwa ngumi mbili. Kwenye kiti cha mwisho kabisa alikaa Mwanaheri, ameinua kidole gumba.

"Mabibi na mabwana," Mahimbo akasema, na sauti ikatoka, ina mawimbi lakini imetoka. "Mnaniona natetemeka. Msijali, nitaendelea hivi hivi."

Vigelegele! Msiniombe niviige, nitaharibu koo langu. Akawaomba wasimame dakika moja, safari hii kwa makusudi, wamkumbuke Mzee Selemani Kidawa. Kisha akasherehesha mpaka mama mkwe wa watu akacheza na fimbo yake. Na mwisho, kwa mdomo wake mwenyewe, akawaeleza watu yote yaliyompata, kadi, kosa na kilio, akataja majina matatu: Sikitu, Anakleti, Mwanaheri. Mchumba aliyeanza kukonda alimkumbatia kila mtu aliyekuwa karibu, Bibi Mtweve akiwemo.

Asubuhi ya tarehe thelathini, saa tatu, Bibi Mtweve alikuwa kwenye nyumba ya kijani. Karatasi mezani, kalamu imefunguliwa.

"Haya. Yule bwana wa jana. Nani kamponya, na kafanyaje?"

Wale watatu wakatazamana. Leseni walikuwa wanaitaka sana, lakini walikuwa na kiapo.

"Habari za mteja hatuzitoi," Sikitu akasema.

"Hata jina lake sijalisikia," Anakleti akasema.

"Bwana gani?" Mwanaheri akauliza, na alikuwa amekula pilau ya bwana huyo huyo.

Bibi Mtweve akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Vizuri. Mngesema, ningeondoka na karatasi yangu. Sasa mmefaulu wote watatu, kwa hiyo hamjanisaidia kitu."

Ikabidi aitwe Mahimbo mwenyewe. Akaja, akaandika kwa mkono wake kwamba siri ni yake na ameifungua, waseme. Nyuma yake likaja nusu ya mji, likajaa dirishani.

"Bila mimi," Sikitu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "koo lingekatwa kwa kisu. Na saa zangu mia sita nilizifanya kweli. Watu niliowasaidia saa hizo walisaidika kweli. Aliyesahau tarehe si mimi."

"Bila mimi," Anakleti akasema, "angejua anaogopa, asijue anamlilia nani. Wenzangu wana njia. Sikitu amebakiza saa mia sita, kwa mwaka mmoja zitatimia. Mwanaheri anaweza kuurudia mtihani mwezi wa tatu. Mimi nikaanze chuo kikuu, nitatoka na miaka sitini na miwili."

"Bila mimi," Mwanaheri akasema, "angejua yote hayo, na harusi ingeshereheshwa na redio. Bibi ofisa, mnapima kukumbuka kwangu. Hamjapima kazi yangu. Nikirudia mtihani mara kumi, nitaogopa mara kumi."

Dirishani wakaanza. Muuza viazi akasema apewe Sikitu, kwani aliyeona ugonjwa ndiye daktari. Mwenye duka la redio akasema saa elfu mbili ziliwekwa kwa ajili ya vijana hasa, na jicho kali bila mazoezi humjeruhi mtu. Apewe Anakleti, aliyeipoteza nafasi yake akiifanya kazi yenyewe. Mama mmoja akajibu kwamba huruma si shahada, na siku akija mgonjwa wa jambo jipya lililoandikwa vitabuni, sikio litamsaidia nini? Apewe Mwanaheri, matokeo tumeyaona kwa macho. Hapo mchumba wa Shamimu, ambaye sasa ni mume, akasema kwa adabu kwamba anampenda sana Mama Shemboza, lakini mtihani nao umewekwa ili mwenye leseni asichanganyikiwe siku ya hatari. Shamimu akamtazama. Ndoa ilikuwa na siku moja.

Wakamgeukia Mahimbo. "Wewe ndiye uliyepona. Sema wewe!"

Mahimbo, mtu wa maneno, akafungua mikono. "Jamani, jicho, sikio na hatua. Mnaniuliza katika mguu, nyonga na goti, nani kanileta hapa."

Saa sita ikabakiza dakika kumi. Bibi Mtweve alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari, haandiki. Daktari Ng'itu ametazama ukuta. Ndipo watu wa dirishani wakapisha njia, na akaingia mwanamke mgeni, vumbi mpaka magotini, ametembea tangu alfajiri kutoka bonde la mbali. Mkononi ana mtoto wa kike wa miaka sita ambaye, kwa maelezo yake, hajasema neno tangu nyumba yao iungue.

"Samahanini," akasema. "Nimeambiwa hapa kuna watu. Nani atatupokea?"

Sikitu alikuwa ameshaona namna mtoto anavyoikwepa harufu ya jiko. Anakleti alikuwa ameshainama hadi macho yake yakalingana na ya mtoto. Mwanaheri alikuwa ameshatoa kitambaa mfukoni na kukikunja kikawa sungura mdogo. Lakini hakuna aliyejibu, kwa sababu baada ya dakika kumi kisheria hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kumpokea, mpaka jina liandikwe.

Mama anasubiri. Mtoto anasubiri. Mstari ni mmoja.

Mimi kalamu sina, nimewaachia ninyi. Je, wewe ungeandika jina la nani?